Kanzu ya Mtoto wa Kina Arzumanidze

Zakiya alikuwa mbishi. Tuseme kweli tu, mbishi kupindukia. Ukimwambia maji ya moto, atatia kidole.

Jioni ile ya mwaka tisini na saba alikuwa na kanzu ya mtoto ya kupeleka mtaa wa Qurum. Kanzu nyeupe ya hariri, aliyoishona mwenyewe nyumbani kwake Khuwair ya Kusini, kwa ajili ya bibi mmoja wa kigeni aliyempigia simu. Vipimo alipewa kwenye simu hiyo hiyo. Wakati anakata kitambaa aliona vinalingana sawasawa na vya mwanawe, Fajr, aliyekuwa bado mchanga. Akacheka tu, akaendelea na mkasi.

"Unakwenda wapi magharibi hii?" Bi Nasriya, mama mkwe wake, alisimama mlangoni na tasbihi mkononi. "Mwanamke ana maziwa kifuani hatoki saa hizi."

"Napeleka nguo, mama. Nnarudi sasa hivi."

"Mngoje mumeo Saeed akupeleke."

"Saeed yuko safarini Salala. Na gari naendesha mwenyewe."

Hawa wawili walikuwa hawaivi. Zakiya akamtupia mtoto bibi yake, akatoka kwa hasira, hata busu hakumpa. Hilo la kutombusu linamla mpaka leo.

Nyumba ya Qurum ilikuwa ya mwisho katika njia, upande wa pwani. Mlango wazi. Ndani baridi ya kiyoyozi, na harufu ya nta ya mishumaa. Na chini ya nta, harufu nyingine... maziwa yaliyochacha.

"Umechelewa."

Bibi mrefu, gauni jeusi, shingo imenyooka. Kiarabu chake cha Beirut. Jamani, wala karibu, wala hujambo! Akaipokea kanzu, akaisugua kwa vidole, akaitazama kila mshono kana kwamba anatafuta kosa la kumtukania mtu.

Zakiya akageukia ukutani. Picha tatu kubwa. Katika kila moja, mwanamke ameketi na mtoto mchanga mapajani. Kila mtoto sikio la kushoto lina pengo, mfano wa mbuzi aliyetiwa alama. Na kila mwanamke macho yamevimba kwa kulia.

"Yule wa Tiflis, Jojia," bibi akasema nyuma yake. "Yule Istanbul. Yule Beirut. Mama wa maziwa, wote."

"Na watoto?"

"Kina Arzumanidze." Akalitamka jina kwa majivuno. "Tulikuwa mabwana wa ngome Armenia. Mfalme wa Jojia akatupa vijiji na cheo, tukahamia kwake. Waarmenia wakatuita Wajojia, Wajojia wakatuita Waarmenia. Ndugu mmoja akabaki na kanisa la babu zake, mwenziwe akaingia kanisa la mfalme. Wakachinjana mpaka watoto vitandani. Na bado wanatusaka."

"Nani hao?"

"Ndugu zetu."

Alisema hivyo kwa chuki iliyomfanya Zakiya arudi nyuma.

Hapo ndipo mtoto alipolia, chumba cha pili.

Kilio kidogo, kimekauka... cha mtoto aliyekwisha kata tamaa. Na maziwa ya Zakiya yakashuka yenyewe, yakaloesha nguo kifuani. Bibi akauona ule unyevu. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Hana mama," akanong'ona, akamleta. "Mnyonyeshe. Mara moja tu."

Mara moja! Zakiya alijua vizuri. Kwa walivyosomeshwa kwao, hata tone moja likifika tumboni, udugu umefungika. Mtoto huyu angekuwa ndugu yake Fajr, wa maziwa, maisha. Na mtoto hanyonyeshwi ovyo bila kujulikana kwao. Yote alikuwa anayajua. Lakini kilio kile, nani mwenye maziwa angekisikia akaondoka? Akaketi, akamchukua.

Mtoto alikuwa mdogo, lakini mzito. Baridi. Alinyonya bila kupumzika, macho wazi, yamemkodolea. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo.

"Kanzu itampwaya," Zakiya akasema.

"Si yake. Kwetu mtoto wa ukoo hakuzwi kwao. Hukuzwa kwa mama wa maziwa, afichike. Na mtoto wa mama wa maziwa huletwa kwetu. Tunamvika nyeupe, tunamlaza mahali pake." Akaikunja kanzu taratibu. "Wale ndugu wakija, humchukua aliyevaa nyeupe."

Kiyoyozi kikazima.

Zakiya akatazama mapajani.

Patupu.

Hajui alivyofika Khuwair. Alimkuta Bi Nasriya amekaa chini, tasbihi imekatika, punje zimetapakaa.

"Alilia nikageuka kuchukua maji," mama mkwe akasema. "Kugeuka tu. Akanyamaza."

Chumba kizima kilinuka nta.

Zakiya akamnyanyua mtoto kitandani. Mzito. Baridi. Akaogopa kumtazama sikio, akamtazama. Pengo lilikuwapo.

"Umemnyonyesha nani, Zakiya?" mama mkwe akauliza, anautazama ule unyevu kifuani mwake.

Asubuhi yake nyumba ya Qurum ilikuwa tupu. Mlinzi wa jirani alisema wameondoka alfajiri na kitoto kilichovaa nyeupe, kinalia mpaka kinakwama. Zakiya akakimbilia polisi. Wakamtazama yeye, wakamtazama mtoto aliyempakata. "Mwanao si huyu hapa, dada?"

Bi Nasriya hakumshika mtoto yule mpaka anakufa. Saeed hakusadiki neno, alimwita mkewe mwendawazimu. Zakiya akamlea. Afanye nini? Maziwa yake yalikuwa ndani yake. Alimwita Fajr, akamsomesha, akamsuka nywele ziangukie sikioni. Mtoto hakuumwa hata siku moja. Wala hakulia.

Miaka kumi ikapita. Zakiya akajaliwa mtoto wa kiume, Thani.

Magharibi moja alikuwa jikoni. Nyumba ikawa kimya mno. Akaenda chumbani, akamkuta Fajr amepiga magoti kando ya Thani, futi ya kushonea mkononi, anampima mabega.

"Unafanya nini?"

"Mama, kile kitambaa cheupe kilibaki?" Fajr hakugeuka. Alinong'ona. "Wamejua nilipo."

Harufu ya nta ikapanda. Nje, mtu akagonga geti... polepole.

Zakiya akamnyakua Thani, akambana kifuani. Mkono mwingine ukafungua kabati. Kitambaa kilikuwepo, alikihifadhi miaka yote bila kujua kwa nini.

"Simama," akasema. "Nnakupima wewe."

Fajr akamtazama. Na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, mtoto akalia.

Geti likagongwa tena.

Maziwa ya Zakiya yakashuka.