Jitu Halipozwi kwa Wimbo

Nikitoka shule sipiti nyumbani. Naenda moja kwa moja kwenye kibanda cha ushonaji cha mama mdogo, navua viatu mlangoni, naanza kazi. Yeye anashona sare za shule, mimi nashona vifungo na kukata nyuzi zilizoning'inia. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi bibi alinipa jina la Sindano, na wala si kwa sababu ya vifungo. Ni kwa sababu ya mdomo wangu.

Ukutani kuna televisheni ndogo. Alasiri ni zamu ya katuni, kwa ajili ya Kidoti, binti wa mama mdogo, mwenye miaka sita. Jioni ni zamu ya taarifa ya habari, kwa ajili ya wateja, ambao wakija kuchukua sketi huwa wamekuja na maneno pia.

Katuni aliyoipenda Kidoti ilikuwa ya binti mfalme na jitu. Jitu likikasirika linabomoa milango na kung'oa mapaa. Watu wote wanakimbia, isipokuwa binti mfalme. Anasimama mbele yake, anafumbata mikono kifuani, anaimba. Basi jitu linapoa, linalia, linageuka kijana mzuri, na mwisho wanaoana. Kidoti aliujua wimbo wote, hata mahali pa kuvuta pumzi.

"Mbona halipelekwi polisi?" niliuliza siku moja. "Si limebomoa nyumba za watu?"

Mama mdogo alicheka, kisha akashika ubavu. "Sindano wewe! Ni katuni tu."

Ubavu ule ulinitia wasiwasi. Tena haukuwa peke yake. Miaka yote tepe yake ya kupimia ilikaa shingoni. Siku zile aliitundika kwenye msumari, na shingoni akafunga kitambaa, joto lote lile. Akajishonea na blauzi za mikono mirefu. Akiulizwa anasema ana mafua. Mafua gani hayo yasiyoisha, jamani?

Jioni moja taarifa ya habari ilimwonyesha mwanamke aliyelazwa hospitali, uso umevimba, mumewe amekamatwa. Mteja aliyekuja kupunguziwa gauni akabana midomo.

"Hapigwi mtu bure. Lazima alimjibu."

"Wanawake wa siku hizi hawajui kuvumilia," mwenzake akadakia.

Kibanda kimejaa wanawake watupu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo mwanamume alipatwa na nini. Mama mdogo alikanyaga cherehani kwa kasi, na mshono ukaenda kombo mpaka nje ya kitambaa. Fundi yule, ambaye shule tatu zinamwamini! Nikamsaidia kuufumua, na sikuthubutu kumtazama usoni.

Baba mdogo, mumewe, alikuwa mtu wa watu. Kwenye gereji anakofanya kazi wanacheka mpaka wanashika matumbo. Kwenye msiba yeye ndiye wa kwanza kubeba viti. Nani angeamini? Nilimwendea bibi, aliyewazaa mama yangu na mama mdogo, nikamwambia ninachokiona. Alinifinya sikio.

"Umeona nini? Hujaona kitu. Mambo ya ndani ni ya ndani. Ukiulizwa, sema hujui."

Nikanyamaza. Mama yangu aliponiuliza mbona sili, nilisema nimeshiba.

Jumamosi asubuhi nilipeleka vifungo nyumbani kwa mama mdogo. Kabla sijabisha nikasikia sahani zinavunjika. Mlango ulikuwa wazi. Baba mdogo alikuwa amemkaba mama mdogo ukutani. Na katikati yao, miguu peku juu ya vigae vya sahani, alikuwa amesimama Kidoti. Amefumbata mikono kifuani. Anaimba.

Sauti ilimtetemeka, lakini hakuruka hata neno moja. Baba yake aligeuka, akamsukuma kwa mgongo wa mkono, mtoto akagonga paji la uso kwenye kona ya meza. Nikadhani atalia. Wapi! Aliinuka, damu inamchuruzika kwenye nyusi, akaanza wimbo upya tangu mwanzo. Alidhani amekosea.

Hapo nikapiga yowe ambalo sikujua kama ninalo. Majirani wakaja mbio, na bibi, anayekaa nyumba ya pili, nyuma yao. Baba mdogo alikwisha kuachia shingo, tena anatabasamu.

"Watoto hawa na michezo yao. Ameteleza."

"Ameteleza," bibi akaitikia haraka, huku amenikazia macho.

Nilimwogopa baba mdogo, na bibi nilimwogopa zaidi. Lakini nilimtazama yule mtoto, midomo yake bado inatafuta maneno ya wimbo.

"Hakuteleza! Amesukumwa! Na mama mdogo hupigwa kila siku. Mwambieni afungue kitambaa muone!"

Mama mdogo alipandisha mikono taratibu, akakifungua mwenyewe. Jirani mmoja, muuguzi, aliona zile alama za vidole, akambeba Kidoti, akamshika mama mdogo mkono, wakaenda hospitali na kutoka huko polisi. Siku hiyohiyo baba mdogo alikamatwa.

Mama mdogo na Kidoti walihamia kwetu. Msidhani watu walitupongeza. Wateja kadhaa walifuata vitambaa vyao kabla havijashonwa. Kidoti, mwenye nyuzi za daktari usoni, aliniuliza, "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Waliotunga ile katuni ndio waliokosea. Si kazi ya mtoto kupoza jitu. Wala si kazi ya mke."

Kisha bibi akaja, amefura. Hakutaka hata kukaa, akamkabili mama yangu.

"Mmetuanika! Mkwe yuko rumande, watu wanatucheka. Mrudishe mdogo wako, mambo yaishe. Ndoa ni kuvumilia. Mimi kwa baba yenu nilivumilia, na hakuna aliyejua."

"Sisi tulijua, mama," mama yangu alisema.

"Mlijua nini? Mlikuwa watoto."

"Tulikuwa chini ya kitanda. Mimi nimemziba huyu mdomo, asilie akasikika. Mdogo wangu alijifunza kunyamaza kwenye kiganja changu."

Bibi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Mama mdogo aliinamia sare aliyokuwa akiishona, machozi yakadondokea kwenye kola.

Mama akanigeukia. "Sikiliza, mwanangu. Siri ya nyumba ipo. Tukilala na njaa, ni siri yetu. Tukikosana tukapatana, ni siri yetu. Lakini mtu akiumizwa, hiyo si siri tena. Sema. Asiyekusikia mwache, mwambie mwingine, mpaka umpate atakayesimama. Hata anayekukataza akiwa ni mimi."

Niliitikia. Bibi alikuwa anatazama sakafu.

"Nilidhani mmelala," alisema.