Barua Iliyonukia Tangawizi

Natangaza kwa heshima zote, kwa wananchi wa Wusi, Sagalla, Voi na popote treni ifikapo, kwamba mimi, Sylus, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndiye mtu pekee wa ukoo wetu ambaye maandishi yake yamefika mikononi mwa mtaalamu wa nyaraka kutoka Uskoti.

Tangazo hilo nililitunga likizo ya Agosti. Sikulitoa, kwa sababu nyanya aliniita nikamenye viazi.

Likizo kwa nyanya Wakio, huku Wusi, haina makuu. Asubuhi unakata majani ya ng'ombe, mchana unamenya viazi, jioni unachochea moto. Kwa mtu aliyezoea bweni, huo ni ukiwa mtupu. Shuleni ni mimi niliyebandika ubaoni tangazo la mwalimu mkuu kwamba Jumatatu hakuna uji, kuna mandazi. Saini niliiga vizuri hata mwalimu wa zamu akaja na sahani.

Darini, juu ya meko, nyanya alitunza bunda la barua lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Aliliweka pale kwa sababu moshi hufukuza mchwa. Alilirithi kwa baba yake, aliyekuwa mpishi wa Bwana Farkwa, Mskoti aliyesimamia shamba la mkonge huko chini tambarare. Bwana huyo aliporudi kwao, aliondoka na kaka yake nyanya, Gibson, akamfanyie kazi. Nyanya alikuwa msichana mdogo. Akina Farkwa waliandika mara chache, kisha wakanyamaza. Gibson hakurudi. Hakuna aliyejua kama alioa, kama aliugua, wala alizikwa wapi.

Likizo hiyo pasta alitangaza kuwa Madam Carolyne, mzaliwa wa Sagalla anayefanya kazi katika hifadhi ya nyaraka kule Uskoti, angekuja kukagua karatasi za kale. Hifadhi hiyo ilikuwa na masanduku ya karatasi za ukoo wa Farkwa, ila wenyewe hawakuruhusu yafunguliwe bila sababu. Barua za nyanya zikithibitishwa kuwa za kweli, wangeombwa kufungua sanduku la miaka ile ili Gibson atafutwe humo.

"Nataka tu kujua kaburi liko wapi," nyanya aliniambia. "Nisife hivi hivi."

Maneno hayo yangemnyamazisha mtu mwenye akili. Mimi yalinipa wazo.

Nilichana ukurasa mtupu mwishoni mwa kitabu cha nyimbo cha marehemu babu. Nikaandika kwa mwandiko wa kulala, kama wa watu wa kale: barua ya Gibson kwa dada yake. Kisha nikailoweka katika chai iliyobaki kwenye sufuria, nikaianika juu ya mabati. Ilitoka rangi ya kahawia, imejikunja, imezeeka kabisa. Nikaichomeka katikati ya bunda. Mpango wangu ulikuwa Madam ashangae, apige picha, halafu nisimame niiname kama mwigizaji.

"Chai yangu imeenda wapi?" nyanya aliuliza jioni.

"Paka, nyanya."

"Paka anakunywa chai ya tangawizi?"

"Paka wa siku hizi wamebadilika."

Kesho yake, kabla ya kwenda kanisani, nyanya alishusha bunda. Macho yake yana mtoto wa jicho, na kusoma hakufundishwa. Alipapasa karatasi moja moja, akasimama kwenye yangu.

"Hii ni ngumu kuliko nyingine. Hebu nisomee, mjukuu wangu."

Ningesema ukweli wakati huo. Badala yake nilikohoa, nikasoma: "Dada yangu Wakio, mimi ni mzima. Nina nyumba ndogo kando ya mto. Maji yake ni baridi kama ya Wusi. Kila jioni nakutaja kwa jina. Usinililie."

 Nyanya alikaa chini palepale, kwenye majivu.

"Soma tena," alisema.

Nilisoma tena. Njiani alimsimamisha kila aliyekutana naye. "Gibson aliniandikia," aliwaambia. "Baba hakunisomea tu. Alikuwa akinitaja kwa jina." Mama mmoja akamkumbatia, akalia naye. Nikabaki nyuma nikipiga mawe teke. Utani ulikuwa umenitoka mkononi, na sikujua umeenda na nani.

Katika ukumbi wa kanisa Madam Carolyne alitandaza kitambaa cheupe, akapanga barua zote juu yake. Alikuwa mpole, anashika karatasi kama mtu anayemshika kifaranga. Alinusa ya kwanza. "Moshi," akasema, akitabasamu. "Mama, umezitunza vizuri sana." Akanusa ya pili, ya tatu. Kisha akakitazama kitambaa.

Kutoka dirishani sisimizi walikuwa wakiteremka kwa foleni nzuri kuliko zote za shule yetu. Waliipita barua ya kwanza, wakaipita ya pili, wakapanda juu ya yangu.

Waskoti, nimesikia, hutia sukari kikombeni. Nyanya hupika vyote pamoja sufuriani: maji, maziwa, majani, tangawizi na sukari ya kutosha harusi.

Madam aliinua ule ukurasa, akaunusa. "Hii haijawahi kukaa darini, mama. Inanukia tangawizi."

Nyanya aligeuza uso taratibu, akanitafuta kwa macho yasiyoona vizuri.

"Sylus. Yule paka."

"Ni mimi, nyanya," nikasema. "Niliiandika mimi."

 Madam Carolyne alivua miwani.

"Sikiliza, kijana. Mimi naamini hizi nyingine ni za kweli. Lakini kwetu, bunda likikutwa na karatasi moja ya kughushi, lote huwekwa kando kwa shaka. Utaandika maungamo, utie sahihi, nitayapeleka pamoja nazo. Huenda wenyewe wakakubali kufungua sanduku. Huenda wasikubali, na wakikubali itachukua miaka." Akamtazama nyanya, akashusha sauti. "Uongo ukijificha katikati ya kweli, hauanguki peke yake. Unaanguka na kweli zote zilizo karibu nao."

Maungamo hayo ndiyo haya ninayoandika, na ndiyo maandishi yangu yatakayofika Uskoti.

Nyanya hakunipiga wala hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alirudisha kamba ya mkonge darini, bila bunda. Akaketi kando ya meko.

"Ile nyumba kando ya mto," akasema. "Uliitoa wapi?"

"Niliitunga, nyanya."

"Na kwamba alikuwa akinitaja kila jioni?"

Nilitazama moto. Viazi vilikuwa vimeanza kuungua na hakuna aliyeinuka.

"Hilo pia," nikasema.