Sahani ya Msafiri

"Tai Mbili, mzigo wa Chemba haujafika. Mchunguze mwenzako."

Aneth alizima redio yake ya Motorola kwa hasira. Mzigo ulikuwa Mrisho, mchuuzi wa ng'ombe aliyepanda basi jana kuja Dodoma kuwataja waingizaji wa bunduki. Mwenzake alikuwa Raphael, mpelelezi kama yeye, aliyetumwa kumpokea stendi.

Raphael ndiye mchumba wake pia. Mahari ilishapokelewa.

"Hakushuka kwenye basi," Raphael alisema bila kupepesa jicho.

Aneth alimwamini. Wakaenda pamoja Chang'ombe kumhoji mke wa Mrisho.

"Karibuni, wanangu," Mwanaharusi aliwaambia. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, lakini mgeni ni mgeni. Akawatandikia mkeka na kuwaandalia ugali na mlenda. Pembeni palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa.

"Hiyo ya baba Zuleha. Tangu jana namwekea. Akija, asilale njaa."

Raphael mwenyewe, mzaliwa wa Chemba, ndiye aliyewahi kumsimulia Aneth desturi hiyo. Chakula cha msafiri hakiguswi mpaka arudi.

Au mpaka azikwe.

Mwanaharusi alitoka kuchota maji. Ugali ukaisha. Raphael, macho kwenye simu yake, aliivuta ile sahani, akaifunua, akamega tonge.

Asingethubutu, ila kama alijua mwenye sahani harudi.

Moyo wa Aneth ulipasuka. Alitamani kumkaba palepale, tonge likiwa mdomoni. Badala yake alitabasamu. Walipotoka, aliinama kama anayefunga kiatu, akabandika kinasa-nyendo cha GPS chini ya Land Cruiser ya Raphael.

"Nina kazi kidogo, mpenzi," Raphael alimuaga.

"Haya. Kazi njema."

Nukta nyekundu kwenye Samsung ya Aneth ilikimbilia kaskazini.

Makutupora.

Alimkuta kwenye ghala katikati ya mashamba ya mizabibu, akisimamia wanaume wawili wakipakia kreti kwenye Fuso. Juu zabibu, chini AK-47. Nyuma ya ghala, udongo ulikuwa umefukiwa karibuni.

"Mikono juu!"

Mmoja alichomoa bastola. Glock ya Aneth ilibweka mara moja, jamaa akaanguka ameshika bega. Askari aliowaita njiani walimwagika kutoka mizabibuni.

"Aneth, walinitisha," Raphael alilia. "Sisi ni wa nyumba moja. Nitetee."

"Mrisho yuko wapi?"

Raphael aliutazama ule udongo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinauma kiasi hiki.

Redio ikakoroma. "Tai Mbili, hali?"

"Silaha tumezikamata. Mrisho ameuawa. Leteni watu wa kufukua."

"Pole. Tutatuma mtu ampe mkewe taarifa."

"Hapana. Naenda mwenyewe. Mimi ndiye niliyempelekea muuaji nyumbani kwake, naye akamlisha."

Alichomeka Glock kiunoni, akaelekea garini. Raphael aliita jina lake, akaliita tena.

Hakugeuka.