Mawe ya Gunia la Mwisho

Hivi wewe, ukizungusha CV miaka minne halafu siku moja upewe kazi, utaikimbia kwa sababu kioo kinagongwa?

Basi usimcheke Profesa. Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, mume wa dada anayempa pa kulala: "Profesa wa samaki, leo umevua nini?" Digrii ya sayansi ya bahari, first class, na sinki la vyombo vya watu. Ndiyo maana Meneja wa lile jengo la vioo alipompa majaribio, atunze tangi jipya la maji ya chumvi pale mapokezi, alikubali kabla sentensi haijaisha. Jumatatu wageni wakubwa wanakuja. Tangi likiwa safi, mkataba. Likiwa chafu, sinki.

Ijumaa ile, jua likizama, alifika na ndimu mfukoni na bomba la sindano mkononi.

Tatizo lilikuwa mawe. Mawe ya baharini huja na wapangaji wake, kwa hiyo hutengwa kwanza kwenye ndoo, wiki kadhaa. Aliandika barua kueleza hivyo. Meneja akajibu, "Karantini ya mawe? Yana kifua kikuu?" Akayatumbukiza siku hiyo hiyo. Siku ya tatu vikachomoza vidude vya kahawia, kama maua yenye mikono, vinavyochoma samaki mpaka wanafia pembeni. Na vidude hivyo havikatwi. Ukivikata, kila kipande kinaota kuwa kizima. Unavidunga maji ya ndimu mdomoni, kimoja kimoja.

Asubuhi aliviacha sita.

Akawasha taa ya tangi.

Arobaini. Labda na zaidi.

"Nimekusaidia kazi, Profesa!" Meneja alikuwa anashuka ngazi, funguo za gari zikicheza kidoleni. "Nimevikwangua kwa wembe. Nyie wasomi mnachelewa mno."

"Bosi, umevizidisha."

"Basi vipunguze. Monday nataka maji, mawe na samaki. Full stop."

Akaenda zake. Akabaki Mama Usafi, anapiga deki huku amelipa tangi mgongo.

Ta. Ta. Ta.

Kimya...

"Ni mdudu," Profesa alisema harakaharaka. "Kuna mdudu wa baharini ana ngumi kama nyundo. Anajificha kwenye mawe, anagonga kioo."

"Na anajua kuhesabu, mwanangu?" Mama Usafi alinong'ona. "Tangu jana ni tatu tu. Tatu, anapumzika. Tatu."

Harufu ikapanda kutoka majini. Si ya chumvi. Ya mpira, ya jasho, ya sigara iliyolowa. Profesa akasogeza uso kwenye kioo. Vidude vya aina hii huwa na mikono mingi, makumi. Akahesabu.

Mitano.

Cha pili, mitano. Vyote, mitano mitano. Na katika kila kimoja, mkono wa katikati ulikuwa mfupi, umeishia kwenye pingili.

"Mama... haya mawe aliyaleta nani?"

Deki ikasimama.

"Mzamiaji. Gunia la kwanza alilisaini pale kaunta, kidole cha kati nusu. Nikamtania, nusu nyingine kala papa? Alicheka yule mtu! Akanieleza kazi yake: nikivuta kamba mara tatu, nitoeni. Gunia la mwisho Meneja alikwenda naye, kamba akashika mwenyewe. Mawe yakarudi. Mtu hakurudi."

"Na kamba?"

"Niliifua mimi. Mwisho wake umekatwa. Sawasawa, kama kwa wembe."

Ta. Ta. Ta.

Safari hii kioo kizima kilitetemeka.

Profesa aliliwaza sinki. Akamwaza shemeji na meno yake. Akakunja mkono wa blauzi, akazamisha sindano.

Kidude hakikunywea kama vinavyonywea vyote ukivisogelea. Kilifunguka. Kikamfumbata kidole cha kati.

Hakikuchoma.

Kilishika. Kilikuwa na joto.

Na vile vingine vyote, polepole, vikageuka kumtazama...

Sindano mpaka leo iko chini ya changarawe. Kazi alipewa mwingine. Shemeji hamtanii tena, kwa sababu wakiwa mezani kidole cha kati cha Profesa hugonga meza chenyewe, mara tatu, na mwenyewe hana habari. Kwenye pingili yake kuna doa la kahawia. Limeanza kuchipua.

Sasa, Meneja, na nyie wageni mliopiga picha pale mkisifia maua: kazi yenu hatuiombi tena. Itoeni ile kamba stoo, iwekeni kaunta, kila anayeingia auone mwisho wake. Halafu mmoja wenu ashuke majini akamtoe yule mtu.

Amevuta mara tatu. Mnangoja nini?