Dakika Kumi na Nane Hadi Newala

Shamte aliinua Beretta, akailenga Cessna iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Masasi.

Akaishusha.

Rahima alikuwa humo ndani, kafungwa kamba. Jasusi mwenzake kwa miaka sita. Mtu pekee duniani aliyempigia simu bila kumpa amri.

“Makao, hapa Kware. Wameruka naye. Newala.”

“Utawahi?”

“Kwa pikipiki hii ya Boxer, saa moja na nusu. Wao dakika kumi na nane.”

“Gari lao linawasubiri uwanjani Newala. Akivushwa mto Ruvuma kuingia Msumbiji, ndiyo basi tena. Polisi wako mbali.”

Shamte akatazama chini. Madumu sita ya mafuta, hayajafunguliwa. Watekaji walikurupuka. Mafuta waliyonayo yangewafikisha Newala na kuwarudisha, zaidi ya hapo hakuna.

Mwezi wa saba. Muhogo umemenywa, makopa yameanikwa juani.

Akapiga simu Newala, kwa mama aliyewahi kumpangisha chumba wiki nzima alipojifanya muuza mbegu.

“Shikamoo, Mama Yasinta. Mimi Shamte, yule wa mbegu.”

“Marahaba! Mwanaume gani wewe, unaondoka huagi? Nyumbani hawajambo?”

Nyumbani hapakuwa na mtu.

Zimebaki dakika kumi na tatu.

“Hawajambo. Makopa umeyaanika wapi?”

“Si uwanja wa ndege! Kuna sakafu nyingine hapa? Mlinzi Mahmudu anatupigia debe tuanue, eti ndege inakuja. Mwaka mzima haijaja hata moja!”

“Msianue, mama. Ndani ya ndege hiyo kuna binti wa watu, ametekwa. Ikitua tu, hatumwoni tena.”

Kisha sauti ikapasuka, si kwa Shamte.

“Jamani, rudisheni makopa! Leteni na vinu! Mahmudu, weka debe chini kabla sijakuvika kichwani!”

Simu ikakatika.

Shamte akachuchumaa nyuma ya madumu. Upepo, mawe ya milima, na yeye. Dakika ishirini. Ishirini na tano. Hakuna aliyempigia.

Simu ikalia.

“Ndege imezunguka mara tatu, mwanangu. Uwanja mweupe wote, wanawake tumesimama kati. Imegeuka kurudi upande wa Masasi. Na kuna gari la vioo vyeusi lililokuwa likiisubiri, limekimbia.”

Saa nne na dakika arobaini na moja, Cessna ikatua Masasi, injini ikikohoa.

Mtekaji mmoja akaruka na bastola. Risasi moja ya Shamte, mkononi, ikamkalisha.

“Kaka, mimi naendesha tu!” rubani akalia.

“Basi zima. Lala chini.”

Shamte akamkata Rahima kamba.

“Mbona umekonda hivyo?” Rahima akauliza. “Twende nyumbani Chiwata. Mama kapika mbaazi.”

Redio ikakoroma. “Kware, sura yako imeonekana. Ondoka kabla polisi hawajafika. Rahima usionane naye tena.”

Rahima alisikia.

Shamte akampa Beretta awalinde wale wawili, akawasha Boxer.

“Nipakulie,” alisema. “Nisipofika, mpe jirani.”

Akashika njia ya Tunduru, si ya Chiwata, polepole.