Mkufu wa Senti Zenye Tundu

Majirani zangu, nawasimulia kilichotokea hapa hapa kwetu Njoro, katika boma ambalo wengi wenu mmekunywa chai yake. Sisemi ili mtu achekwe. Nasema kwa sababu nina hasira na pia nina huruma, na sijui ipi imezidi.

Boma la Kiprugut lilikuwa la amani. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, mama yake mzazi, Tapsubei, aliketi nje akiota jua. Macho yake yalikuwa yamezima miaka mingi. Shingoni alivaa mkufu wa zile senti za enzi ya mkoloni, zenye tundu katikati. Kila alipojifungua alikuwa ametunga senti moja kwenye ukanda wa ngozi, na mumewe akaitia alama ukingoni kwa tupa, kila mtoto na alama zake. Sasa alizipapasa moja moja akiita majina.

"Huyu ni Kipkoech, surua ilimchukua. Huyu ni Cheptoo, ameolewa Ravine. Na huyu ni Kiprugut, kitinda mimba wangu, mlafi wa maziwa!"

Wanangu walikuwa wakikimbilia huko kumsikiliza. Uzee ulikuwa umeanza kumla akili, na siku nyingine alisahau kama amekula. Lakini mkufu ukiwa mkononi, hakukosea jina hata moja.

Ni mkufu huo uliomfanya Kiprugut apende sarafu. Alipokuwa mdogo alitaka hadithi tu. Ukimpa senti kuukuu alikuuliza, "Ilikuwa ya nani?" Alipokuwa mtu mzima akataka awe na sarafu ya kila mwaka, asikose hata mmoja. Alienda hadi Salgaa kuwabembeleza madereva wa malori wampe sarafu za Uganda na Kongo, na mkewe Winrose akamtania kwamba ameolewa pamoja na vyuma. Jumapili, watu wakitoka kanisani, alifungua sanduku lake na kuwaeleza watoto kila sarafu imetoka wapi. Hapo hakukuwa na ubaya wowote.

Ubaya uliingia kwa simu. Mtu alimtumia video ya sarafu kama hizo, eti zimenunuliwa ng'ambo kwa bei ya shamba. Tangu siku hiyo Kiprugut hakuuliza tena ilikuwa ya nani. Aligeuza sarafu atafute mwaka, kisha akageukia simu atafute bei. Sanduku likapigwa kufuli na watoto wakafukuzwa. Winrose akifagia chumba, anaulizwa alikuwa anatafuta nini. Ng'ombe wao mzuri alivimba tumbo akafa, na mwenyewe alikuwa ndani na kioo chake cha kukuzia. Jamani, hayo tuliyaona sote, tukanyamaza kwa sababu ni boma la watu.

Kisha akagundua kwamba senti moja ya mama yake ilikuwa na mwaka ule adimu unaotafutwa na wanunuzi.

"Mama, nipe huo mkufu niuze. Tutajenga nyumba ya mawe, uache kuumwa na baridi."

"Nikifa mtauchukua. Saa hii bado niko."

"Lakini ni vyuma tu, Mama!"

"Kama ni vyuma tu, mbona unavitaka?"

Angekuwa na masikio, angeishia hapo. Lakini tamaa haina masikio. Siku moja Winrose alikuwa akimwogesha mama mkwe wake, na mkufu umetundikwa kwenye msumari. Kiprugut akauchukua, akakata ukanda, akajifungia kwenye stoo na asidi ya betri na msasa. Alizisugua zile senti mpaka zikang'aa kama vijiko vipya. Na kwa kuwa alidhani zile alama za ukingoni zingeshusha bei, alizisugua nazo mpaka zikapotea. Kesho yake akavaa koti lake la harusi, akashuka Nakuru mjini kwa mnunuzi wa vitu vya kale.

Yule mnunuzi aliangalia senti ya kwanza, akaangalia na ya pili.

"Mzee, nani amesugua hizi?"

"Ni mimi. Zilikuwa chafu sana, boss."

"Umeziua. Watu wananunua ukale, na wewe umeutoa wote. Hata wa kununua vyuma vikuukuu atakuonea huruma tu."

Alirudi Njoro na senti zake mfukoni. Nyumbani mama yake alikuwa akijipapasa shingo akiuliza, "Watoto wangu wako wapi?" Winrose alikuwa amechoka kumdanganya. Nami nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea sukuma wiki, kwa hiyo haya sikuambiwa na mtu. Kiprugut alizitunga zile senti kwenye uzi mpya, akamvika mama yake.

Vidole vya Tapsubei vikashika senti ya kwanza, vikaizungusha. Vikashika ya pili. Vikazunguka mkufu wote, vikaanza upya.

"Hizi ni za nani?"

"Ni zako, Mama. Ni mkufu wako."

"Zangu zina alama."

Akauvua, akamrudishia kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha mgeni. "Tafadhali weka vizuri. Mwenyewe atautafuta."

Kiprugut akapiga magoti, akamshika mikono huku akilia. "Mama, ni mimi. Ni Kiprugut."

"Kiprugut," mama akasema polepole, kama anayejaribu jina geni. Kisha akauliza kwa upole, "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Tulimzika baada ya mavuno ya mahindi. Hakuita tena jina la mtoto wake yeyote. Kiprugut alichukua tupa ya marehemu baba yake ili azirudishe zile alama, lakini hakujua senti ipi ilikuwa ya nani. Hata yake mwenyewe hakuijua.

Funzo tunalobaki nalo

Kupenda kitu si kosa, iwe sarafu, mifugo au shamba. Kosa ni kuacha kujiuliza unakitafutia nini, kwa sababu moyo hubadilika polepole na mwenyewe haoni. Nasi majirani tusinyamaze tukiona mtu anapotea. Na wewe uliye na mzazi mzee, kabla hujauliza kitu alichoshika ni cha bei gani, muulize kwanza ni cha nani.