Chumba Kisichofagiliwa

Sogeeni karibu. Wewe mwenye simu, ilaze kifudifudi, na wewe unayetafuna, meza kwanza. Hadithi hii haitaki kelele, maana mwenyewe alikuja kwa kuitwa, na ajaye kwa kuitwa hukaa akitega sikio.

Palikuwa na nyumba mtaa wa Sakina, nyuma ya magereji, upande ule ambao mwezi wa saba unaweza kupita wiki nzima bila kuuona Mlima Meru kwa wingu. Humo aliishi mjane mmoja, Simaloi, na watoto wake wawili wakubwa, Lerionka na Naisula, pamoja na binti wa Naisula, Resiato, mwenye miaka mitano.

Lerionka alikuwa na kazi ambayo majirani hawakuielewa. Mimi sikusoma, lakini Naisula alinieleza nikaelewa, basi na nyinyi mtaelewa. Kila kompyuta ina prosesa, ndiyo inayofikiri, na prosesa hazikuumbwa sawa. Chini ya programu zote ipo programu mama, wanaiita kerneli. Huyo ndiye mwenye nyumba. Anagawa vyumba vya kumbukumbu, wewe kaa hapa, wewe kaa pale, na mpangaji akihama, chumba kinafagiliwa kabla hajaingia mwingine. Sasa kila aina ya prosesa ina milango yake na funguo zake, kwa hiyo kila aina inataka mtu wa kuitunzia sehemu yake. Lerionka aliitunza ya prosesa moja ya zamani, ambayo watu wamekwisha kuisahau ingawa bado inafanya kazi ndani ya mashine nyingi. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja, na wenzake wa nchi za mbali ambao hakuwahi kuwaona uso.

Alivaa pete ya shaba. Akigundua kosa, aliigonga mezani mara mbili, ngo, ngo. "Nimemshika," husema. Na alikuwa na tabia moja ya kuchekesha: hata chumba chake mwenyewe alikipigia hodi.

"Unampigia nani hodi, panya?" mama yake, Yeyo kwa Kimaasai chetu, humtania.

"Yeyo, chumba si chako mpaka uitikiwe."

Kifua kikamchukua wakati wa mvua za mwezi wa nne. Walimzika kwao, Ngaramtoni, mchungaji akasoma, kwaya ikaimba. Tangu siku ile Simaloi hakulitamka tena jina lake. Ndivyo tulivyo sisi Waarusha, jina la aliyekufa haliitwi. Unasema "yule wetu," watu wanaelewa. Hata hili ninalomwita hapa nimelibuni. Jina ni kama blanketi la marehemu, hulitupi hovyo njiani, ataliokota usiyemjua.

Naisula akaishika kazi ya kaka yake, maana kaka ndiye aliyemfundisha. Wenzake wa mbali wakamwandikia, pole sana dada, kwenye orodha ya watunzaji jina la kaka yako ndilo la kwanza, tuliondoe? Naisula akalia mpaka kola ikalowa. Akawajibu: liacheni.

Hilo ndilo kosa. Lilitoka kwenye mapenzi, lakini jini haulizi kosa limetoka wapi. Maana katika kazi ile kuna mashine zisizolala, zinazoijaribu kerneli kila siku, na zikikuta kasoro zinaandika barua zenyewe kwa walio kwenye orodha. Wa kwanza kuitwa akawa Lerionka. Leo, kesho, keshokutwa: Lerionka, njoo utazame.

Kwanza ilikuwa harufu. Saa saba mchana, mafundi wa gereji wamekwenda kula na nyundo zimenyamaza, nyumba ikanuka kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni. Lerionka aliyapenda maziwa ya namna hiyo. Lakini nyumba ile haikuwa na kibuyu.

"Yeyo, umeleta maziwa?"

"Ningeyatoa wapi? Na wewe unanusa?"

Kila mmoja akajifanya ana kazi.

Siku ya pili kompyuta ya Lerionka, iliyoachwa ikiwaka kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima, ilikutwa ina joto kwenye vibonye, joto la vidole. Jioni yake Naisula akapokea marekebisho ya kasoro moja ngumu iliyomsumbua mwezi mzima. Aliyeyatuma: Lerionka. Akajiambia, aliyaandika zamani, yamechelewa njiani. Tarehe ilikuwa ya siku ile. Hakuitazama mara mbili. Kazi ilikuwa safi, nadhifu, ya mkono wa kaka yake, naye alikuwa amechoka na alikuwa na hamu naye. Akayapokea, akatia sahihi.

Yakaja ya pili, akapokea. Ya tatu hakuyasoma hata mpaka mwisho.

Kesho yake saa saba, Resiato alikuwa sakafuni na mabua yake ya kuchezea. Akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mtoto, kilikuwa kizito chenye maji, kile walichokisikia miezi minne kupitia ukutani. Kisha akakunja kidole, akagonga kigae mara mbili, ngo, ngo, akamtazama mama yake.

"Sula," akasema. "Nimemshika."

Hakuna aliyewahi kumwita Naisula hivyo ila kaka yake.

"Resiato, mama, njoo hapa."

Mtoto akatazama nyuma kuona anaitwa nani.

Naisula akakimbilia kompyuta ya kaka yake, akafungua marekebisho ya tatu, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, na chini kabisa, baada ya nafasi tupu ndefu, akakuta mistari minne iliyosema kwamba chumba kimoja kitengwe, mwenye chumba asiandikwe, kisifagiliwe wala kisipewe mwingine milele. Nayo ilikuwa na sahihi yake.

Simaloi alikuwa amesimama mlangoni, amembeba mjukuu, na mjukuu alikuwa baridi kama jiwe la mtoni Themi.

"Nani anamwita yule wetu?" akauliza taratibu.

"Hakuna, Yeyo."

"Naisula. Mimi ni mzee, usinifanye mjinga."

Akamweleza. Orodha, mashine, barua.

"Kwa siku mara ngapi?"

"Sijui. Mara nyingi."

Simaloi akakaa kitako, akampakata mtoto. "Aliyemo humu si mwanangu," akasema. "Mwanangu alikuwa anapiga hodi. Huyu ameokota jina njiani, akalivaa, sasa anatafuta mwili unaolitosha. Litoe. Na hicho chumba chake, kifagie."

"Yeyo, kazi yake nzuri yote—"

"Unamtaka mtoto au unataka mkono wa kuandika?"

Naisula akaketi. Simaloi akachukua maziwa ya dukani kikombeni na kishada cha majani mabichi, akamnyunyizia mtoto kichwani, akiomba kwa Kimaasai na kwa Yesu kwa pumzi ileile. Naisula akalifuta jina. Akaifuta mistari minne. Nyumba ikazidi kunuka moshi wa mzeituni, mpaka macho yakawasha, ingawa hewa ilikuwa safi, haina moshi hata kidogo.

"Sula," mtoto akasema kwa sauti ya mtu mzima iliyochoka, "nimekusaidia, siyo? Utabaki na kazi hii peke yako. Mimi sina pa kwenda."

Naisula hakugeuka. Palikuwa na jambo moja limebaki. Prosesa ya kompyuta ile, ya aina ileile ya zamani, ina vichwa vinne, na kila kichwa kina karatasi mfukoni iliyoandikwa nani anakaa chumba gani. Ukimhamisha mtu, lazima uviambie vyote vichane karatasi, na lazima usubiri vijibu, la sivyo kichwa kimoja kitaendelea kwenda mlango uleule wa zamani kikidhani mwenyewe yupo. Akatoa amri. Kichwa cha kwanza kikajibu, cha pili kikajibu, cha tatu kikajibu, na cha nne kikanyamaza, naye akasubiri huku nyuma yake kikohozi kikipanda na kushuka, na pete ambayo Simaloi mwenyewe aliivua kidoleni mwa maiti na kuifungia kabatini ikigonga ndani ya kabati, ngo, ngo, ngo, ngo, bila kupumzika, na mama yake akisema kwa sauti ya chini, harakisha mwanangu, anabadilika rangi, harakisha, midomo imekuwa ya bluu, na kichwa cha nne bado kimya, bado kimya, mpaka Naisula akashindwa kuvumilia, akaukamata waya kwa mikono miwili akaung'oa ukutani.

Kimya. Harufu ikaondoka kama mtu aliyefunga mlango.

Nje, nyundo ya kwanza ya gereji ikaanza kulia.

"Mama," Resiato akasema, "nina njaa."

Basi. Yaliyogawanywa ni haya. Naisula alirithi kazi, na jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha. La kaka yake limebaki kwenye rekodi za zamani, ambazo katika kazi ile hazifutwi, lakini hakuna mashine inayoliita tena. Simaloi alirithi pete, akaizika Ngaramtoni kwa mwenyewe. Meza alichukua binamu yao Allen wa Kijenge, naye anasema ni meza nzuri tu. Kompyuta hakuna aliyeitaka. Imefungwa kwenye shuka, iko darini. Naisula anasema ukizima umeme, karatasi zote zinateketea, zilizochanwa na zisizochanwa. Huenda. Yeye ndiye aliyesoma.

Na Resiato, mtamwona, ana miaka saba sasa, mnene, mcheshi, ananisaidia kuchambua mchele. Anakuja hapa karibu kila siku. Nikiinua macho namkuta ameshakaa kwenye kile kigoda, ananitazama, na sijasikia mlango. Nimemfundisha, mama yake amemfundisha, bibi yake amemchapa.

Mtoto yule hapigi hodi.